Mujane wa Kisiwani Tuliyemuombea

Mukae, wamama. Mukae tu, na vigelegele muvishike kwanza, kwa sababu hamujajua nitasema nini. Wengine mukimaliza kunisikia mutataka kunipiga na Biblia. Nimekubali. Namushukuru Mungu aliyenipa miguu ya kusimama hapa, maana tangu Jumatatu nasema nitasimama, na kila siku nasema kesho.

Hapa kwetu kwenye kikundi cha maombi tuko na desturi. Mutu akileta haja ya maombi hataji jina. Anasema tu, "Kuna mama mumoja," tunapiga magoti, na Mungu anajua ni nani. Ni desturi nzuri, inafunika aibu za nyumba za watu. Mimi niliitumia kuwadanganya.

Munakumbuka haja niliyoleta wakati wa kuvuna maharagi? Nilisema kuna mujane mumoja mwenye watoto wawili, amepotea fasi ya maji mingi, mutoto wake mudogo anakohoa, na hakuna anayejua kama wako wazima. Nililia hapa, na ninyi mukalia pamoja nami. Tukafunga siku tatu. Mama yetu mukubwa wa kikundi, na vidonda vyake vya tumbo, akafunga vilevile. Ndugu zangu, nawaambia leo: yule mujane hayuko. Ni wa filimu.

Mucheke tu. Mimi pia ningecheka kama ingeishia hapo.

Nilienda mujini Mbarara kununua kitambaa cha uniforme za watoto wa shule. Munajua kazi yangu ni mashini ya kushona. Karibu na pale ninaponunulia kuna kijana Muislamu anayeuza filimu, anakuwekea ndani ya telefone. Akaniita, "Nyabo, mama, kuja! Wewe unashona mchana yote bila kitu ya kuangalia? Chukua hii ya kisiwa. Iko tamu, mpaka chakula itaungua." Nikacheka, nikampa telefone. Ile chakula iliungua kweli, tena siku ya kwanza.

Filimu yenyewe ilikuwa hivi. Merikebu inazama, watu kumi na wawili wanatupwa kwenye kisiwa kisicho na mutu. Lakini kila magaribi wanasikia kengele inalia ndani ya pori. Nani anaipiga? Hawajui. Wakienda kutafuta wanakuta majivu ya moto, bado ya joto! Kulikuwa na mwanaume mumoja wa kofia aliyeficha kibiriti wakati wenzake wanakufa na baridi. Nilimuchukia yule mutu, Mungu anisamehe. Siku moja nilipiga kelele, "Usimufuate huyo! Muongo huyo!" na jirani yangu akaja mbio na fimbo akidhani kuna mwizi. Nikamukalisha, nikamuelezea kisiwa chote toka mwanzo, na yeye akasahau mahindi yake juani.

Na kulikuwa na yule mujane. Kila siku alikuwa anawasha moto mukubwa kwenye muchanga, kusudi merikebu ikipita imuone. Anakaa pale na watoto, anaangalia maji. Wamama, mutu wa kambi hii ya Nakivale hawezi kuangalia hivyo akabaki muzima! Sisi tunajua kungoja. Nilisema, huyu ni sisi. Tofauti ni kwamba kungoja kwetu hakuna mutu anayejua mwisho wake, na kwake nilikuwa nabonyeza tu, kipande kingine kinakuja. Nikabonyeza, nikabonyeza. Vipande vilikuwa arobaini na vinane. Nilimushonea mutoto wa watu shati yenye mikono miwili ya kushoto. Bwana yangu alirudi kutoka soko la Kaberebere akakuta jiko limezima na mimi nalia. Akauliza, "Nani amekufa?" Nikamujibu, "Bado, lakini anakohoa vibaya."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Haja yangu ya kweli munaijua, miaka sita naileta hapa. Ni yaya yangu, dada yangu mukubwa. Mama yetu alikufa siku ya kunizaa, na yaya, mwenyewe musichana mudogo, alinilea na maziwa ya mbuzi. Tulipokimbia Kivu ya Kusini yeye alibaki, alikuwa ameshafiwa na bwana yake na hakutaka kuacha kaburi. Miaka sita nasema, "Mungu, muniletee yaya." Lakini kwa zile wiki za kisiwa sikumuombea hata mara moja. Fasi yake nilimuweka mujane wa filimu. Hilo sikuwaambia siku ile.

Siku ya pili ya ule mufungo wetu nilikuwa kwa mashini, tumbo tupu, naangalia. Merikebu ilikuwa imeonekana! Mujane anatupa kuni kwenye moto, anavua kitenge chake anapunga, watoto wanapiga kelele. Papo hapo telefone ikalia juu ya picha, namba nisiyoijua. Nikakata. Merikebu inakaribia, ile namba ikalia tena. Nikakata tena, nikasema, "Eh, mutu huyu hana kazi?" Nikaweka mode avion, telefone isipokee mutu, kusudi nisisumbuliwe.

Wamama, sisi wakimbizi namba usiyoijua ndiyo unapokea mbio. Inaweza kuwa ofisi. Inaweza kuwa ndugu uliyeambiwa amekufa. Hata katikati ya ibada munaona mutu anainama anatoka nje na telefone, na muchungaji hakasiriki. Mimi najua hivyo tangu siku niliyoingia nchi hii, na bado nilikata.

Kwenye filimu merikebu ilipita bila kusimama. Nililia machozi ya kweli. Nilimulaani nahodha: "Hana macho? Hana moyo huyu?" Na nahodha ni mimi. Yaya yangu alikuwa Kabazana, kwenye mapokezi ya wakimbizi wapya, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mulango wangu. Alikuwa ameomba telefone ya mutu anipigie. Namba yangu alikuwa nayo kichwani, alifundishwa na kijana wa kwetu akaikariri njiani kama mustari wa Zaburi.

Sikujua kitu. Filimu ikaisha, nikaianza tena. Mwezi ukapita. Siku kikundi kilipoenda kutembelea wageni wapya waliopewa viwanja upande wa Rubondo, na bugali na sombe ya majani ya muhogo kama tunavyofanya, mimi nilisema kichwa kinaniuma. Magaribi mama mukubwa akasimama kwenye mulango wangu, hata hakukaa.

Akasema, "Mwanangu, kuna mujane kule Rubondo. Anasema alilea mudogo wake na maziwa ya mbuzi, kwa sababu mama yao alikufa kwa uzazi. Wewe si ndivyo ulivyotushuhudia?"

Asubuhi nilipanda pikipiki. Nikamukuta analima kipande alichopewa, amekonda, kichwa cheupe. Akaniona. Akapangusa kiti na kitenge chake, akasema, "Karibu, mama. Mukae."

"Yaya, ni mimi."

"Nakujua. Mukae."

"Mukae," wamama! Kwa wingi wa heshima, kama mutu anavyomukaribisha muke wa muchungaji. Akaniuliza bwana yangu anaendeleaje, watoto wanasoma, mvua kwetu imenyesha? Maswali ya mugeni, moja baada ya lingine. Nikamuuliza mbona hakusema kwa ofisi kwamba ana ndugu hapa, kusudi wamuweke karibu yangu.

Akasema, "Nilipiga. Ya kwanza ukakata, ya pili ukakata, ya tatu yule wa ndani ya telefone akasema haupatikane. Nikangoja labda utapiga mwenyewe. Siku kumi na moja. Wakisoma majina nasimama, nikidhani ni wewe umekuja kunitafuta. Halafu nikasema, mudogo iko na bwana na batoto, amechoka na mizigo. Kwa ofisi nikasema niko peke yangu." Akaongeza, "Nilikuletea ndagala, samaki ndogo za kwetu, za ziwa Tanganyika. Nilishazipa batu pale Kabazana. Zilianza kunuka."

Munafikiri nilitubu? Thubutu! Nilisema telefone yangu ilikuwa imeharibika. Yaya akanitazama, akasema, "Pole." Pole ile iliniingia mpaka kwenye mifupa. Alijua. Aliyekulea anajua uongo wako tangu hujaota meno.

Nilirudi nikaenda moja kwa moja kwa mama mukubwa, nikamutapikia yote. Filimu, namba, mujane. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo tulifunga siku tatu juu ya filimu?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi na vidonda vyangu?"

"Ndiyo, mama."

Nilidhani atanifukuza. Akatikisa kichwa. Akasema, "Tuliomba kwa ajili ya mujane aliyepotea, anayengoja. Wewe ulikuwa unasema wa telefone. Mungu aliona wa Kabazana. Ndiyo sababu amefika muzima. Lakini hiyo haikuoshi wewe. Kesho tunaenda pamoja, na utasema kwa kinywa chako."

Tukaenda. Nikasema yote mbele ya yaya, nimepiga magoti kwenye udongo wake. Sikuficha hata kibiriti, kama yule wa kofia. Yeye alikuwa anachagua mbegu za maharagi kwenye lungo, mikono haikusimama. Nilipomaliza akauliza neno moja tu.

"Huyo mujane wa kisiwani, walimupata?"

"Walimupata, yaya. Merikebu ilirudi."

"Vizuri," akasema, akaendelea kuchagua mbegu.

Ndugu zangu, nimepigwa katika maisha yangu. Nimekimbia risasi. Sijawahi kuumia kama kwa lile "vizuri". Ningependa anitukane, anitupie lungo. Nilimuomba ahamie kwangu. Akakataa, akasema ameshapanda. Karatasi zake bado zinasema ni mutu asiye na ndugu. Tunaenda ofisi kuzirekebisha, na kila wakiuliza, "Kwa nini ulisema uko peke yako?" anajibu, "Nilisahau." Ananifunika aibu mpaka leo, na mimi nasimama pembeni, naangalia chini.

Siku kumi na moja zile siwezi kuzirudisha. Ndagala zile zilibebwa kwa kichwa toka ziwani kwetu mpaka hapa kwa ajili yangu, zikaliwa na watu wasionijua. Nikikumbuka ninapokuwa kwa mashini, naacha kushona.

Namushukuru mama mukubwa, aliyenishika mukono wakati angeweza kunishitaki hapa mbele ya wote. Nawashukuru ninyi mulioenda Rubondo na bugali bila mimi. Bila miguu yenu yaya angekuwa bado peke yake. Namushukuru bwana yangu, aliyekwenda kumujengea yaya jiko na choo na hakunihesabia neno. Kwa ule mufungo, naomba munisamehe. Na wewe unayeangalia filimu, sikukatazi. Hata mimi siku moja nitaangalia tena, siwezi kuapa. Nakuambia hili tu: machozi ya filimu ni rahisi, hayakuombi kusimama kutoka kwenye kiti. Ukijiona unalia sana kwa ajili ya mutu usiyeweza kumupelekea hata maji, simama, utafute ni nani wa kwako umemuacha anangoja.

Nimalizie. Tangu siku ile, kila Jumamosi napika, napeleka Rubondo. Miezi mitano yaya anapokea kwa mikono miwili, anasema, "Aksanti, mama, Mungu awabariki," anakula kidogo, ananisindikiza mpaka njiani. Kwa adabu yote, kama kwa mugeni. Jumamosi iliyopita nilichelewa, nikapika mbiombio. Akafunua sahani, akakata tonge, akalibonyeza na vidole, akatia kinywani. Akatema.

"Bugali gani hii? Mbichi! Mwanamuke muzima, mama ya batoto, hauna haya? Mimi ndiye nilikufundisha hii? Weka maji kwa moto!"

Sikuweza kuamka kuweka maji. Nilivuta ile sahani nikaila mbichi vilevile, yote, machozi yanaingia ndani ya bugali, na yaya amesimama juu yangu ananigombeza.