Kivuli cha Basi la Cibitoke

Adélaïde, aliyekaa kiti cha nyuma, alifurahi mapema, maana wawili walio mbele yake walianza kubishana basi la Cibitoke likiwa bado sokoni.

Népomuscène, karani mwenye koti, alikuwa amekaa kulia. "Mi sikai ovyo, mama. Saa hii jua liko upande wa ziwa. Tukienda Cibitoke, linapiga kushoto."

Sijaona, muuza vitenge wa Buyenzi, ndiye aliyekuwa huko kushoto, anaiva. "Kivuli si cha mutu moja, baba. Tukifika nusu ya njia, tubadilishane."

"Apana. Ndiyo maana mi niliwahi."

Vita vilikuwa vimejaza barabara bariyeri, vizuizi vya askari. Kwenye ya kwanza, askari aliwateremsha wote na kukusanya vitambulisho. Lami ilichoma mpaka ndani ya kandambili. Kivuli kilikuwa kimoja tu, cha basi, nacho kililala kulia. Foleni ikajipanga humo, na askari humo humo.

"Umeona?" Népomuscène akasema. "Upande wangu."

Ndipo dereva akasogeza basi mbele, ng'ambo ya kamba ya bariyeri iliyokuwa imelegea chini. Kivuli kikaenda nalo. Foleni ikakifuata polepole, na askari katikati yake, akijipepea kwa vitambulisho ambavyo hakuwa amesoma hata kimoja.

Walipofika ng'ambo, akageuka akaitazama kamba yake kule juani. Akafikiri kidogo, akavirudisha vitambulisho. "Pandeni."

Sijaona alipanda wa kwanza, akakaa kulia.

Népomuscène akabaki mlangoni na koti lake, akilitazama jua kama mtu aliyesalitiwa.