Tawi la Kilosa

Tangu stesheni ya Kimamba, Shamsia wa Morogoro alikuwa akimlalamikia abiria aliyeketi naye, Hidaya, juu ya neno moja. Mume wake Shamsia, muuza kaniki, amelipata kwa tajiri wake Mhindi, kwamba duka nalo lina tawi, na sasa haishi kwenda Kilosa kuangalia tawi. "Nimekulia mlimani, dada. Tawi ninalolijua ni la mti. Duka linaota? Nikamuaga naenda msibani, nikaenda kulitazama. Kibanda kimefungwa, na uani kumeanikwa kanga."

Gari moshi la Mdachi lina kelele, kwa hiyo mimi, niliyeketi nyuma yao, nilisogea nisikie vizuri. Sikuwa na kazi nyingine.

Hidaya alimtikisa mtoto mgongoni. "Tawi si neno baya. Mume wangu ndivyo anavyoniita. Anasema shina lake liko Morogoro, limekauka, na matunda yako kwenye tawi. Leo naenda kuliona hilo shina."

Shamsia alimtazama mtoto, hasa masikio. "Limekauka. Kasema hivyo?"

"Kasema."

"Tawi likikatwa, shina halifi, mwanangu."

Nilisikia "dada" imekufa njiani.

"Na shina lisilo na tawi ni kuni," alisema Hidaya.

Tukafika Morogoro, gari likasimama. Nje, mwanamume mwenye mwavuli, aliyekuja kumpokea mkewe kutoka msibani, aliinua mkono kupunga. Akaona nyuso mbili katika dirisha moja. Mkono ukaenda kichwani, akajikuna.