Nani Atashika Ubao?

Benchi la Mama Birika, muuza kahawa, liko ubavuni mwa karakana ya mbao, hatua kumi kutoka kwenye msumeno wa umeme. Mchana ule msumeno ulikuwa umezimwa. Fundi, mwenye karakana, alikuwa amekaa katikati ya benchi, akisogeza kikombe mbele kwa mara ya tano. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na bandeji pale kilipokuwapo kidole cha shahada wiki mbili nyuma. Hiyo ilikuwa siku ya tatu bila kulala, na kitanda cha mteja kilitakiwa jioni. Mama Birika alishika birika lake, asimimine.

— Hiki cha tano, kaka.

— Mimina tu, dada. Macho yanajifunga.

— Mmiminie mwenzio! — akadakia Redio, mshona viatu, ambaye duniani hakuna asichokijua. — Kahawa inasukuma damu kichwani, usingizi unateleza mpaka miguuni. Unafikiri miguu inakufa ganzi bure?

— Kwa hiyo saa hizi zimelala nyayo? — aliuliza Kamusi, mpaka rangi.

— Fofofo!

— Hapo umenena. Binamu yangu alikunywa vikombe tisa kabla ya mtihani. Akajibu hata maswali ambayo hayakuulizwa.

— Akafaulu?

— Yaliyoulizwa aliyaruka.

Wakacheka. Fundi alicheka wa mwisho, wenzake walipokwisha nyamaza. Mama Birika akalirudisha birika nyuma. Hata siku ile ya kidole alicheka hivyo hivyo, na kahawa ilitoka kwenye birika hili hili.

— Unakunywa jioni, usiku kucha unatazama dari, asubuhi unarudi kwangu — alisema. — Macho yako wazi, kaka, lakini nyuma ya macho hakuna mtu.

— Usimtishe — alisema Kamusi. — Bandu bandu huisha gogo! Kikombe kimoja kimoja, usingizi utaisha wenyewe.

Fundi akautazama mkono wake.

Binti yake akatokea karakanani, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi.

— Shikamooni. Baba, ubao uko tayari. Siku ile nilikushikia mimi. Leo mikono yangu inakataa. Nani atakushikia?

Redio akainamia kiatu. Kamusi akaanza kubandua rangi kwenye kucha zake.

Mama Birika akaimwaga kahawa yote mchangani. Redio akainuka, Kamusi akamfuata, benchi likabaki wazi. Fundi akajilaza bila kubisha.

— Mteja nitamwambia aje kesho — alisema binti, akimfunika kwa aproni yake.

Fundi akafumba macho. Usingizi haukuja. Vile vikombe vinne vilikuwa bado kazini: vidole vyake tisa viligonga benchi, viligonga, na binti akakaa chini kando yake, akingoja vitulie.