Saa ya Pili ya Mwalimu Chaki

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wetu na wageni wote,

UKARIBISHO
Sisi wanafunzi wa mwaka wa tatu wa Siasa na Utawala tunakukaribisha kwa mikono miwili, ingawa nyuso zetu leo ni nzito. Utuwie radhi. Karibu tena katika ukumbi namba nne, ulikosomea kabla hujawa Waziri.

HISTORIA
Kwa miaka ishirini na sita somo la Serikali limefundishwa hapa na mtu mmoja, tunayemwita Mwalimu Chaki kwa kuwa koti lake halikosi vumbi. Desturi yake unaikumbuka. Saa ya kwanza anaibana serikali mpaka darasa zima linapiga meza. Kisha analivua koti, analivaa bitana nje, na kusema, "Haya wanangu, sasa serikali ni mimi. Nijibuni." Hapo jasho hututoka, na sisi wakosoaji hutafuta pa kujificha.

MAFANIKIO
Muhula uliopita tulirekodi somo hilo kwa simu. Saa ya kwanza ilitunogea, tukairusha mtandaoni, ikatazamwa nchi nzima. Tulivimba vichwa. Alipogeuza koti tukazima simu. Sasa zamu ya kushindwa ilikuwa yetu, nani angetaka kuitazama?

CHANGAMOTO
Wiki mbili baadaye Mwalimu alipewa barua ya kusimamishwa kazi kwa uchochezi. Tulikwenda kwake kuomba radhi, tukamkuta na mkewe wakipanga vitabu kwenye maboksi.

"Simu iliisha chaji?" akatuuliza.

"Hapana, Mwalimu."

"Basi," akasema, akaendelea kupanga.

Aibu ile tunaamka nayo kila siku. Tumeiandikia kamati ya nidhamu barua nne kuieleza saa ya pili. Imejibu kwamba neno la wanafunzi wake wa sasa halitoshi.

MAOMBI
Tulishauriwa tukuombe viti na vipaza sauti. Hatuviombi. Ijumaa kamati inaketi kumfukuza moja kwa moja, na bado haina shahidi aliyewahi kusoma kwake zamani. Jina lako limo katika daftari la mahudhurio, na hukukosa hata siku moja. Bitana ya koti lile unaijua rangi yake. Tunakuomba ufike, useme ulichokiona.

Mungu akulinde, akupe na moyo wa kusema.

Ni sisi, darasa la mwaka wa tatu la Siasa na Utawala, tuliozima simu mapema.