Nguzo ya Saba ya Jukwaa Kuu

Wasikilizaji wapendwa, ni saa sita na dakika tano mchana. Kama redio yako iko jikoni, ongeza sauti. Kama uko njiani, simama pembeni kidogo unisikilize. Leo tunamkumbuka mtu mmoja tu, na nina sababu ya kutaka tumalize kumkumbuka kabla ya saa saba.

Mtunza uwanja wetu amefariki. Alifariki Jumanne kwa maradhi ya kifua, akiwa na miaka sitini na sita, na tulimzika Alhamisi. Narudia kwa waliochelewa. Ni yule wa uwanja wa mpira, yule mliyemwita Mzee Nyundo. Aliutunza uwanja ule miaka thelathini na minane. Yeye ndiye aliyefyeka nyasi, akachora mistari kwa chokaa, akashona nyavu zilizochanika. Mlango wa jukwaa kuu ulifungwa kwa mnyororo, na ufunguo wa mnyororo huo alitembea nao kiunoni.

Lakini kabla ya kuitwa Nyundo aliitwa Radi. Vijana wengi hawalijui hili, na mimi nataka mlijue leo.

Alikuwa na miaka ishirini na kitu, shabiki tu kama wewe, kazi hana, kelele anazo. Timu yetu ilikuwa imefungwa bao moja na muda umekwisha. Watu wameanza kuondoka. Yeye akasimama katikati ya jukwaa, akaanza kupiga miguu sakafuni. Kulia, kushoto, kimya. Kulia, kushoto, kimya. Jirani yake akafuata, safu nzima ikafuata, jukwaa zima likafuata. Waliokuwepo wanasema kipa wa wageni aligeuka kutazama mawingu, na alipogeuka tena mpira ulikuwa wavuni. Tangu siku ile, dakika kumi za mwisho za kila mechi ya nyumbani, jukwaa kuu linapiga Radi. Watu elfu mbili, mguu mmoja.

Radi ni yake. Alianzisha yeye. Shikeni hilo.

Sasa nyundo. Mjomba wake alikuwa fundi mwashi, na alipofariki alimwachia nyundo ndogo, kichwa chake hakizidi yai, na somo moja. Zege zima ukiligonga linaita. Zege lililooza ndani linameza sauti. Basi mtunza uwanja alipoajiriwa akajiwekea kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Kila asubuhi, baada ya kufagia, aliingia chini ya jukwaa. Kuna nguzo kumi na tatu mle. Aligonga moja moja, sikio karibu, kama daktari na mgongo wa mgonjwa.

Mjane wake nilikwenda kumpa pole jana, nikamkuta amekaa mkekani na wifi zake. Alinitania hata kwenye msiba. Akasema, "Shemeji, mume wangu alikuwa na wake wawili, mimi na lile jukwaa. Mwenzangu ndiye aliyekuwa mgonjwa, kwa hiyo kila asubuhi mume anaamkia kwake." Wifi zake wakacheka. Yeye hakucheka.

Miaka mitatu iliyopita nguzo ya saba ilianza kumeza sauti. Ya saba ni ile ya katikati kabisa, sita kulia, sita kushoto. Alichukua chaki akaweka alama pale sauti ilipofia. Mwaka wa kwanza alama ilikuwa usawa wa magoti yake. Mwaka uliofuata ikawa kiunoni. Mwaka jana ikawa kifuani. Ubovu ulikuwa unapanda, wasikilizaji, na alikuwa anaupima kwa mwili wake mwenyewe.

Akaenda kwa uongozi wa klabu. Mwenyekiti, ambaye ni mtu mwema na nitamtetea popote, akamwambia jukwaa limesimama miaka arobaini. Akaenda ofisi za mji. Wakaja watu wawili na kofia ngumu. Wakatazama, wakapiga picha, wakaandika kwamba rangi iboreshwe. Na rangi ikaboreshwa. Nguzo zote kumi na tatu zikapakwa kijani na nyeupe, rangi za timu. Zinapendeza kweli. Na alama zake zote za chaki zimelala chini ya rangi hiyo.

Halafu akaja kwangu. Hapa ndipo nataka kusema jambo ambalo nimelimeza tangu Jumanne.

Alikuja hapa studio, mwaka jana, nyundo ameifunga kwenye kitambaa. Akaomba dakika tano. Nilimpa chai. Dakika tano sikumpa. Nilimpa dakika moja, na katika dakika hiyo nikasema, mbele ya kipaza sauti hiki hiki, "Wasikilizaji, Radi mwenyewe sasa anaogopa radi." Mlicheka. Mji mzima ulicheka. Kinyozi aliyemnyoa kwa miaka ishirini alimuuliza kama ametumwa na ule mji mkubwa unaoitaka timu yetu. Alitoka kwenye kile kiti nusu kichwa kimenyolewa, akamalizia nyumbani kwa wembe wake. Na mimi, kila Jumamosi ya mechi, nikaendelea kuwaambia pigeni tuwasikie huku studio.

Nilikuwa na hoja zangu, na bado ninazo. Mnalijua swali linalotugawa mwaka huu wote: mji mdogo kama huu unafaidi nini kung'ang'ania timu ya daraja la pili? Mwalimu mmoja alinipigia akasema hela za uwanja zingechimba visima. Ana haki yake. Lakini mimi najua siku ya mechi mama wa chai pale stendi anakoroga sufuria tatu badala ya moja. Najua cherehani ya fundi wa jezi hailali. Najua mji wetu ukipita kwa basi ukapiga chafya umeshaupita, ila Jumapili asubuhi, matokeo yanaposomwa, tunatajwa nchi nzima. Bila timu tutatajwa siku ya mafuriko tu. Na mke wangu nilimpata pale. Safu ya sita, katikati, alinikanyaga mguu wakati wa Radi, akanigeukia akasema nimeuweka vibaya. Nimeishi naye miaka kumi na tisa na bado nauweka vibaya.

Nilimwambia marehemu haya yote siku ile, chai ikipoa. Nikamwambia, mzee, ukilifunga jukwaa, ligi itatunyima kibali, na timu itahama. Unataka kutuzikia timu? Akafunga nyundo yake kwenye kitambaa taratibu. Akanijibu, "Timu ikihama tutalia wote. Mimi nataka tuwepo wote wa kulia."

Nilidhani ni maneno ya mtu aliyechoka.

Kuanzia siku ile alifanya alichoweza. Alikuwa na ufunguo, basi siku za mechi alifungua nusu ya mlango, akasema bawaba imekwama. Akawaelekeza watu upande wa nyasi, akidai huko ndiko kuna kivuli, na kivuli hakuna. Walimtukana. Aliyeanzisha Radi akawa anazunguka uwanjani dakika kumi za mwisho akiwapungia mikono watu wakae chini, nao wakidhani anawachochea wakapiga zaidi. Nilimtangaza mimi mwenyewe: "Mzee Nyundo anaongoza shangwe." Mungu anisamehe.

Wiki tano zilizopita kifua kilimlaza. Wiki tano, wasikilizaji, hakuna aliyegonga nguzo.

Leo ni leo. Saa kumi jioni tunacheza nyumbani. Wajumbe wa baraza la mji watakuwepo, kwa sababu Jumatatu wanapiga kura timu ibaki au iende, na wamesema wanakuja kuona kama watu wanaipenda kweli. Klabu imetangaza tulijaze jukwaa kuu. Ufunguo uliombwa kwa mjane jana, kwa heshima zote, akautoa. Bawaba imetiwa mafuta. Na kumuenzi marehemu, kutakuwa na Radi ndefu kuliko zote. Si dakika kumi. Dakika thelathini na nane, moja kwa kila mwaka wa kazi yake.

Anayeongoza ngoma ni mdogo wake marehemu, mnamfahamu, yule bonge wa kofia ya kijani. Nilimuuliza jana, mbele ya shemeji yake, kama ataweza kuongoza na msiba huu. Akasema, "Kaka aliianzisha, mimi nitamuaga nayo. Hilo usiniguse." Macho yamemjaa machozi.

Nilikuwa nimeandaa kipindi kingine kabisa cha leo. Kizuri, cha kuwapandisha mori mje kwa wingi. Kisha saa nne asubuhi binti yake marehemu akaingia hapa. Ni muuguzi, ametoka zamu, sare haijabadilishwa. Baba yake alimfundisha kugonga na kusikiliza tangu mdogo. Asubuhi, akitoka zamu ya usiku, alipita chini ya jukwaa na nyundo ile, akarekodi kwa simu. Fundi mitambo, weka ya kwanza.

Mmesikia? Ngiii. Inaita. Hiyo ni nguzo ya pili. Rudia, tafadhali. Ngiii. Hiyo ni nzima.

Sasa weka ya saba.

Du.

Rudia. Du. Kama kupiga gunia la unga. Na alipokuwa anagonga, rangi ya kijani ilibanduka, ikatoka na kipande cha ukubwa wa kiganja. Ninacho hapa mezani. Nikikibonyeza kwa kidole kinamomonyoka. Nilimuuliza binti ubovu umefika wapi sasa, maana mwaka jana baba yake aliuacha kifuani. Alinyanyua mkono juu ya kichwa chake, akasema, "Umenipita, baba mdogo. Nimegonga hadi mkono ulipoishia na bado ulikuwa unameza."

Nimempigia mwenyekiti mbele yake. Mwenyekiti amesema tulizungumze Jumatatu, baada ya kura. Nimepiga ofisi za mji. Leo ni Jumamosi, simu ililia ikakata. Binti ameshakwenda kusimama mlangoni mwa jukwaa peke yake, na sare yake.

Kwa hiyo ninasema mimi. Wasikilizaji wapendwa, njooni uwanjani. Njooni wote, wajumbe wawaone. Lakini kaeni upande wa nyasi. Jukwaa kuu liacheni tupu. Najua tupu litapigiwa picha. Najua Jumatatu linaweza kutugharimu timu, na mimi ndiye nitakayesoma habari hiyo hapa, na sauti yangu haitakuwa nzuri. Nimeipigania timu hii miaka yote kwa mdomo. Leo mdomo huu huu unawaambia msipande.

Mpiga ngoma, ndugu yangu, kama unanisikia, kaka yako hakuogopa Radi. Alijua uzito wake, maana aliianzisha. Mwaka mzima alitupungia mikono. Muage kwa miguu iliyotulia.

Kwa mjane, shemeji yetu, poleni sana. Kwa binti, kwa mdogo wake, kwa wifi na wajukuu, poleni. Mmetuazima mtu wenu miaka thelathini na minane, na sisi tumemrudishia kejeli. Mimi wa kwanza. Msamaha nauomba hadharani, kwa kuwa nilimcheka hadharani. Na tuliobaki tujiulize, kila mmoja kwake, ni nani mwingine anatugongea nguzo asubuhi hii na sisi tunamwambia aboreshe rangi.

Nasikia ngoma. Fundi mitambo, fungua dirisha kidogo. Ndiyo, ndizo. Wanapita chini ya jengo letu, wengi, kijani tupu hadi kwenye kona, na wanaimba jina lake la zamani. Redio hawana, wana ngoma. Hawanisikii.

Basi wewe uliye nyumbani, nisaidie. Kama kuna mtu wako ametoka na jezi leo, mumeo, mamako, mpangaji wako, chukua simu umpigie sasa hivi. Usingoje wimbo. Mwambie upande wa nyasi. Mlango unafunguliwa saa saba, na sasa ni saa sita na dakika ishirini na mbili.

Mke wangu aliondoka saa tatu, kabla binti hajafika hapa, ili awahi safu ya sita. Nimempigia mara tatu tangu binti aondoke hapa. Simu inaita tu. Nadhani pale alipo kuna kelele.