Meno Sita na Moyo wa Amolo

Mwaka wa 1971, ndani ya meli ya Kendu Bay kwenda Kisumu, mbele yangu alikaa mama aliyekuwa akimpelekea binti yake nguo hospitalini. Kando yake alikaa mzee wasiyejuana naye, aliyekuwa anakwenda Kaloleni, mtaa wa Kisumu, kumchukua mjukuu wake wa kike akang'olewe meno sita ya chini, kama ilivyo mila yetu.

"Huyo msichana umwache, Mzee!" mama alifoka. "Amolo wangu babu yake alimng'oa. Sasa amelala wodini, homa haishuki."

"Hiyo ni malaria tu," mzee akasema. Alikuwa mtu wa jibu moja kwa homa zote.

"Malaria gani! Daktari amesema wadudu wa mdomoni waliingia kwa damu kupitia vile vidonda, wakakaa kwa valvu ya moyo, ile inayopitisha damu. Wanaila! Anadungwa penisilini na bado anahema."

"Mimi niling'olewa sita, Mama, na moyo wangu unapiga."

"Wako haukuwa na kovu! Amolo akiwa mdogo aliumwa koo, halafu magoti yakavimba. Moyo ukabaki na kovu, na hapo ndipo wadudu walishika."

Mzee akacheka, pengo likaonekana lote. "Magoti? Hata mjukuu wangu yalimvimba mwaka juzi. Yalipona yenyewe."

Mama akamkamata koti kwa mikono miwili. "Umesema nini?"

Meli ikagusa gati. Watu wakasimama na vikapu vyao, wakatusukuma mlangoni. Mara ya mwisho niliwaona kwenye ngazi, mzee akijivuta aende zake, mama hajaliachilia koti.