Jibu la Sadiya Linatakiwa Leo

Benchi letu liko Koboko mjini, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, ubavuni mwa mashine ya kusaga ya Zubeiri, na atakayekuambia kuna benchi lenye kelele kuliko hili, huyo hajakaa hapa. Tukitoka swala ya adhuhuri tunakutana, Mama Shakira anatumiminia kahawa ya tangawizi kutoka kwenye jabana yake ya udongo, na watu wazima na ndevu zao wanaanza kubishana. Yuko Kabiru, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Yuko Onzima, tunayemwita Kanali ingawa jeshini hakufika hata getini. Na mimi kinyozi mwenye upara, mcheke mkipenda. Siku hiyo Zubeiri hakuwasha mashine. Binti yake wa pekee, Sadiya, anasomea uhandisi Kampala, na kampuni moja ya Japani inayounda setilaiti ilikuwa imemchukua huko kwao kwa mafunzo ya kazi. Asubuhi alituma picha na ujumbe: wanataka abaki mwaka mmoja zaidi, jibu linatakiwa leo, Baba anasemaje? Tangu mama yake Sadiya afariki, Zubeiri anapika kwa sufuria ndogo na kula peke yake. Sote tulijua jibu analolitaka, ila alikuwa anaona aibu kulisema.

Zubeiri: Muangalie wenyewe. Hii ndio kazi yake.

Simu ikapita mkono kwa mkono. Watu watano walikuwa wamezunguka kisanduku kidogo, kila mmoja amevaa nguo nyeupe kutoka kichwani hadi miguuni, glavu mikononi, barakoa usoni, macho tu ndiyo yako nje.

Redio: Wallahi, hawa nakwenda hija.

Kanali: Hija gani? Hiyo nguo ya kuzuia vumbi. Ile kisanduku hapana taka vumbi. Wanarusha yeye juu na roketi, halafu anaangalia dunia yote.

Mimi: Anaangalia nini?

Kanali: Mihogo. Kama mihogo ya Lobule imekauka, wao najua mbele ya mwenye shamba.

Redio: Ngoja. Kama naona mihogo, naona mbuzi. Kama naona mbuzi, watu wa kodi iko nyuma. Dada yangu iko na mbuzi Lobule! Zubeiri, ambia mtoto ageuze hiyo kitu iangalie Kongo.

Mama Shakira: Kongo imekukosea nini?

Kanali: Nyinyi hamjui kitu. Kioo ya hiyo kitu huko juu ikichafuka, nani anapangusa? Lazima mutu apande. Na mutu mwepesi. Sasa Sadiya iko na kilo ngapi?

Zubeiri akaweka kikombe chini.

Zubeiri: Kanali, wacha.

Kanali: Mimi nauliza tu. Mwaka moja mzima ni ya nini? Ni ya kumufundisha kupanda.

Redio: Na huko hakuna juu, hakuna chini. Akitaka kuswali, kibla iko wapi?

Tukabishana juu ya kibla hadi jabana ikawa nyepesi. Kanali akasema Sadiya ataswali akiitazama dunia yote, amalize ubishi. Tulicheka sana. Zubeiri hakucheka. Mwishowe tukaamua kwa niaba yake, kama tabia yetu: Sadiya abaki, Koboko ipate sifa. Zubeiri akaitikia kwa kichwa bila kumtazama mtu.

Hapo akafika Rosina, mama wa Sudan Kusini anayeuza samaki wakavu sokoni. Alikuwa na mahindi ya kusaga. Alipokuta mashine imezimwa akakaa mwisho wa benchi kungoja, akapewa kahawa, akaomba na yeye aione hiyo picha.

Rosina: Mzee, mtoto yako ni yupi hapa?

Jamani! Muda wote huo tumebishana juu ya mbuzi na kibla, na hakuna aliyeuliza. Zubeiri akaonyesha aliyeshika spana, kwa sababu Sadiya amekua akishika spana hapahapa mashineni. Kisha akaghairi, akaonyesha mfupi wa pembeni. Akapanua picha kwa vidole vyake vya unga, akatazama jozi moja ya macho baada ya nyingine.

Zubeiri: Mimi nimelea yeye. Mimi najua macho yake.

Lakini hakuyaona, na ilimuuma, na mimi pia iliniuma. Akapiga simu. Huko giza lilikuwa limeshaingia, na Sadiya akapokea upesi, nadhani simu ilikuwa mkononi.

Zubeiri: Sadiya, kwa picha wewe ni yupi?

Sadiya: Mimi siko, Baba. Mimi ndio nilipiga.

Zubeiri: Hakuna mutu alikuambia na wewe simama?

Sadiya: Walisema mmoja apige, nikachukua kamera. Ni watu wazuri, Baba, hawanitesi. Lakini kazi ikiisha kila mutu na njia yake. Nikifungua mlango wa nyumba nasema asalaam aleikum, halafu najibu mimi mwenyewe.

Kanali akainama juu ya simu.

Kanali: Basi rudi, mwanangu! Nani anataka hiyo setilaiti?

Zubeiri akamsukuma kwa kiwiko.

Zubeiri: Wewe mwenyewe unataka nini?

Sadiya: Baba, ile kisanduku, skrubu zake nilifunga mimi. Waliiweka kwa mashine ya kutikisa kama roketi, ikatikiswa mpaka nikafumba macho. Hata moja haikulegea. Nataka kubaki.

Neno alilokuwa nalo Zubeiri tangu asubuhi nililiona limefika kooni. Akalimeza.

Zubeiri: Baki.

Sadiya: Umekasirika?

Zubeiri: Hapana. Umekula?

Sadiya: Ndio nakula sasa. Usikate, Baba. Weka simu hapo kwa benchi. Wao waongee tu.

Zubeiri akaiweka simu katikati ya vikombe. Sisi, watu wa maneno, tukaiinamia kusikiliza. Tulisikia kijiko kikigonga sahani, kikinyamaza, kikigonga tena. Mama Shakira akainamisha jabana, halikutoka hata tone. Hakuna aliyeinuka.